Chi Sao: Kuifundisha Mikono Kusikia

Ngumi inayorushwa na mtu aliye karibu nawe, umbali wa mkono tu, inaweza kukufikia kabla jicho halijamaliza kazi yake. Si kwamba wewe ni mzembe. Ni kwamba habari inayopitia machoni ina safari ndefu. Mtu wa kawaida akionyeshwa taa na kuambiwa abonyeze kitufe, hupita takriban milisekunde 200 kabla kidole hakijashuka, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Na hapo amekaa kwenye kiti, ametulia, anajua kinachokuja na ana jambo moja tu la kufanya. Mwongezee machaguo mawili, matatu, manne, muda unazidi kurefuka. Mwanasaikolojia Mwingereza W. E. Hick alilipima hilo mwaka 1952, na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mtu mwenye mikono miwili, viwiko viwili na miguu miwili, vyote vikiwa huru, analijua bila kusoma popote.

Mguso una njia fupi zaidi. Mtu akiguswa badala ya kuonyeshwa taa hujibu mapema kidogo, karibu milisekunde 150. Lakini utamu wenyewe hauko hapo. Msuli ukivutwa ghafla, uti wa mgongo hujibu wenyewe ndani ya milisekunde 20 hadi 50, haumsubiri mtu afikiri. Baada yake huja mwitikio wa pili, kati ya milisekunde 50 na 100. Huu wa pili ndio unaonivutia mimi. Bado ni wa haraka kuliko jicho, ila unafuata nia ya mwenye mkono: ukiwa umejiandaa kuzuia, unaongezeka, ukiwa umejiandaa kuachia, unapungua. Maana yake mtu anaweza kuutayarisha mapema. Kwa mtazamo wangu, kazi yote ya chi sao ni kuutayarisha mwitikio huo.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: chi sao ni zoezi la Wing Chun, mtindo mmoja wa kung fu, ambalo watu wawili husimama uso kwa uso, vigasha vyao (mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo) vikiwa vimegusana, wakiizungusha mikono juu na chini bila kuachana. Mkono mmoja umegeuza kiganja juu, hiyo ni tan sao. Mwingine umeinua kiwiko na kuteremsha kiganja, bong sao. Mikono ya mwenzako imelala juu ya yako, fook sao. Anayetazama kwa mbali huona kama watu wanakoroga kitu kisichoonekana. Kisha ghafla mmoja anapigwa kifuani, na mtazamaji hajui kimetokea nini.

Wing Chun ni mtindo wa kusini mwa China, mkoa wa Guangdong, na mji unaotajwa nao sana ni Foshan. Ile habari kwamba mtindo ulianzishwa na mtawa Ng Mui na kupewa jina la mwanafunzi wake, binti Yim Wing Chun, ni simulizi, tuipokee hivyo. Penye historia ya kushikika zaidi ni karne ya 19, kwa Leung Jan, tabibu wa Foshan aliyemfundisha Chan Wah-shun, ambaye naye alimfundisha Ip Man angali mtoto. Ip Man alizaliwa Foshan mwaka 1893, akahamia Hong Kong, na mwaka 1950 akaanza kufundisha katika chama cha wafanyakazi wa migahawa. Nafikiri mazingira hayo yana uzito wake. Hong Kong ya miaka hiyo ilikuwa imefurika watu, nafasi ilikuwa ya kubana, na wanafunzi walikuwa watu wanaotoka kazini. Zoezi ambalo watu wawili wanaweza kulifanya mahali pa kutandika mkeka mmoja liliwafaa kabisa. Kijana Bruce Lee, ambaye kwa wengi wetu ndiye aliyetuletea kung fu kupitia vibanda vya video, alipita mikononi mwa mwalimu huyo katika miaka ya 1950, kabla hajaondoka kwenda Marekani mwaka 1959.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Kila anayeingia kwenye mazoezi yetu hapa Dar es Salaam huambiwa neno lilelile tangu siku ya kwanza: legeza mikono. Anaambiwa tena kesho, na wiki ijayo, na mwezi ujao. Wengi huchukulia kuwa ni adabu ya mchezo, au ni falsafa ya Kichina kuhusu upole na maji. Wanaitikia kwa heshima, kisha wanaendelea kukaza. Na siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaeleza sababu. Sababu ipo, na ni ya vipimo.

Mwaka 1834 mwanasayansi Mjerumani Ernst Heinrich Weber, aliyefundisha Leipzig, alichapisha kazi yake kuhusu hisia ya mguso. Alikuwa amewapa watu vitu vya uzito tofauti na kuwauliza kipi kizito zaidi. Akagundua kwamba tofauti ndogo kabisa ambayo mtu anaweza kuitambua haikai mahali pamoja. Inategemea mzigo ulioko tayari. Kwa vitu vinavyoinuliwa kwa mkono alipata kama sehemu moja ya arobaini.

Ichukue hesabu hiyo uipeleke kwenye chi sao. Tuseme unamkandamiza mwenzako kwa nguvu ya kilo 4. Ili ugundue kwamba amebadilisha kitu, lazima mabadiliko yake yafikie gramu 100 hivi. Ukipunguza mpaka gramu 400, gramu 10 zinakutosha. Mkono ni uleule, mtu ni yuleyule, lakini umekuwa msikivu mara kumi. Ndiyo maana aliyekaza hushangaa: anasema mwenzake amempiga ghafla, bila dalili. Dalili zilikuwepo. Zilikuja, zikapita chini ya kiwango ambacho mkono wake uliweza kuzisikia.

Lakini hesabu hiyo isikufanye ukaacha mikono ining'inie. Uhusiano alioupata Weber hauendi sawasawa mzigo ukiwa mdogo sana, na mkono usioweka shinikizo lolote hausikii chochote pia. Kwa hiyo Wing Chun inataka shinikizo dogo, la kuelekea mbele, kwenye mstari wa kati wa mwenzako, likitoka kwenye kiwiko na si kwenye bega. Dogo ila halikatiki. Kwa Kikantoni kuna msemo wa mtindo huu ambao kila mwanafunzi huukariri: kinachokuja kipokee, kinachoondoka kisindikize, mkono ukiachwa huru songa mbele. Sehemu ya tatu haiwezekani bila hilo shinikizo dogo. Mkono wa mwenzako ukitoka njiani, wako unaingia wenyewe, maana ulikuwa tayari unaelekea huko.

Kuna jambo jingine linalonishawishi zaidi hata kuliko la Weber. Mwaka 2003 watafiti wa London walichapisha jaribio rahisi sana. Watu wawili walikaa, wakabonyezana vidole kwa zamu kupitia chombo cha kupima nguvu. Kila mmoja aliagizwa arudishe nguvu ileile aliyoipokea, isizidi wala kupungua. Nguvu ilipanda kwa kila zamu. Hakuna aliyekuwa akidanganya; ubongo hupunguza hisia ya nguvu ambayo mtu anaitoa mwenyewe, hivyo nguvu yako huisikia ndogo kuliko ilivyo, na ya mwenzako unaipokea yote. Kila mmoja aliamini kwa dhati kwamba anarudisha sawa.

Nenda kaangalie wanafunzi wawili wapya wakifanya chi sao. Wanaanza polepole, wanacheka. Baada ya muda mfupi mabega yamepanda, shingo zimekaza, na kila mmoja anamwambia mwenzake, "Mbona unatumia nguvu?" Wote wawili wanasema kweli wanayoihisi. Tangu nilipofahamu jaribio lile sijawahi tena kuona ugomvi huo kuwa ni wa tabia mbaya. Ni mwili unavyohesabu. Dawa yake ni mmoja wao akubali kurudisha pungufu ya anachokiona ni sawa, kwa makusudi, hata kama moyo unamwambia anaonewa.

Kwenye kundi letu kuna kaka mmoja anayebeba mizigo sokoni, mikono yake imejengeka kwa magunia. Kuna pia dada mwenye umbo dogo ambaye amekaa kwenye chi sao muda mrefu kuliko karibu sisi sote. Walipopangwa pamoja, kaka aliingia kwa heshima, hakutaka kumuumiza. Wakazungusha. Kila alipofikiria kupiga, kiganja cha dada kilikuwa kimeshatua juu kidogo ya chembe ya moyo, kimetulia, hakijasukuma. Akajaribu mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto, akajaribu kupunguza mwendo. Mwisho akasimama.

"Dada, wewe unajuaje?"

"Kaka, unaniambia mwenyewe."

"Nimekuambia saa ngapi?"

"Bega. Kabla hujaja, bega linapanda, na kiwiko kinanielemea huku." Akamgusa upande wa nje wa kigasha, chini kidogo ya kiwiko. "Halafu unaacha kuzungusha. Kidogo tu. Hapo ndipo ninapoingia."

Kisha akamfanyia taratibu. Akamwambia aandae ngumi lakini asiirushe. Sisi tuliosimama pembeni tulitazama kwa makini bega lile na hatukuona kitu. Yeye, macho amefumba, alisema "sasa" kila mara, na kila mara kaka alitikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo, alikuwa amenuia. Hakukuwa na miujiza. Mtu hawezi kurusha ngumi bila misuli ya bega na mgongo kuanza kwanza, na mabadiliko hayo hupita mkononi kabla mkono haujasogea kiasi cha kuonekana.

Watu hupenda kusema kwamba chi sao ni hisia za ngozi. Mimi naona ngozi imepewa sifa kuliko kazi yake. Huyohuyo Weber alipima pia umbali ambao ncha mbili zinazogusa ngozi husikika kuwa mbili badala ya moja. Kwenye ncha ya kidole ni milimita mbili tatu. Kwenye kigasha ni karibu sentimita nne. Yaani kigasha, mahali hasa ambapo chi sao hugusana, ni sehemu isiyo na umakini wa ngozi. Kinachofanya kazi kubwa kiko ndani: misuli, kano na viungo, vyenye neva zinazoujulisha ubongo kiungo kimekaa wapi na kinavutwa kiasi gani. Mwingereza Charles Sherrington ndiye aliyeipa hisia hiyo jina lake la kitaalamu mwaka 1906, na mwaka 1932 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya neva.

Ushahidi wa nyumbani kwetu ni jasho. Kwa joto la Dar, baada ya nusu saa mikono inateleza kabisa, na wengi huvaa fulana za mikono mirefu ili waweze kuendelea. Kama ngozi ndiyo ingekuwa kila kitu, kitambaa kingetuharibia zoezi. Hakituharibii. Tena jasho lenyewe linafundisha: anayetegemea kushika au kukandamiza pembeni huteleza na kupoteza mguso, na anayeelekeza shinikizo mbele hupata tu njia ya kuingia.

Zoezi la kwanza kabisa, dan chi sao, la mkono mmoja mmoja, ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo watu wanaloliruka wakimbilie mikono miwili. Mwenye tan sao yuko ndani, mwenzake yuko juu na fook sao. Wa ndani anageuza kiganja na kukipeleka kifuani. Wa juu anakisikia kikija, anakizamisha chini kwa kifundo. Papo hapo wa juu anarusha ngumi. Wa ndani anasikia uzito umetoka juu ya mkono wake, kiwiko kinapanda, bong sao inaibeba ngumi na kuipitisha pembeni. Kisha wote wanarudi walipoanza. Ni mambo manne tu, yanajulikana yote, hakuna siri wala mshindi. Ukilifanya haraka ni kama wimbo wa kukariri: mwenzako akiacha kurusha ngumi, bong sao yako inapanda hata hivyo, inazuia hewa. Ndipo unapogundua kwamba ulikuwa unafuata mpangilio, hukuwa unafuata mkono. Kwa hiyo mwalimu mzuri huvunja mpangilio. Anachelewesha. Anazamisha nusu. Anaondoa mkono kabisa katikati. Anataka kuona kama utajibu kilichotokea au utajibu ulichotarajia.

Kufumba macho ni hatua inayofuata, na hapo watu hupenda maonyesho. Tunafungana khanga usoni, na kweli inasaidia, kwa sababu jicho likiwepo linataka kuongoza na linachelewa. Ila lisifanywe kiini cha mafunzo. Ukitaka kuona mguso ukifanya kazi bila macho penye upinzani wa kweli, tazama judo ya wenye ulemavu wa macho, iliyoingia kwenye Paralimpiki mwaka 1988 huko Seoul. Wanajudo hao huanza pambano wakiwa tayari wameshikana majoho, na kuanzia hapo wanaangushana kwa kasi na nguvu ambayo haina huruma. Hakuna anayewapangia. Kinachokuja wanakisoma kupitia kitambaa. Kila mtu wa Wing Chun anapaswa kuwatazama, kwa sababu wanajibu swali ambalo sisi mara nyingi tunalikwepa: je, usikivu huu unabaki mtu anapotaka kweli kukuangusha?

Taijiquan (tai chi) ina zoezi la namna hii, tuishou, kusukumana mikono, linalofanywa Chenjiagou mkoani Henan na karibu kila bustani ya China asubuhi. Karate ya Goju-ryu ya Okinawa ina kakie. Kwa maoni yangu anayepata nafasi ya kugusana mikono na watu wa mitindo hiyo asiikose, na pia na mwanamieleka, maana wa mtindo wako wote wanasukuma kwa lafudhi moja.

Na hapo ndipo ninapokubaliana na wakosoaji wa Wing Chun, wale wanaoweka video za mtu wa chi sao akipigwa na bondia. Kuna ukweli ndani yake. Bondia hakupi mkono ukae juu yake. Ngumi yake inakuja na kurudi kabla haujagusa kitu cha kusikiliza. Usikivu wa mguso hauna thamani yoyote pale ambapo hakuna mguso, na sehemu kubwa ya pambano iko hapo. Fomu (mfululizo wa mienendo uliopangwa, wa kufanya peke yako) ya pili ya Wing Chun, Chum Kiu, kazi yake ni hiyo hasa, namna ya kutembea na kugeuka ili kuufikia mkono wa adui. Wong Shun Leung, mwanafunzi wa Ip Man aliyejulikana Hong Kong kwa mapambano ya kweli dhidi ya mitindo mingine, anaheshimika hadi leo kwa sababu hakuishia kwenye kuzungusha. Wengi wetu tunaishia hapo. Tunazungusha, tunagusana vifua, tunahesabu nani kamgusa nani, tunarudi nyumbani tumefurahi. Chi sao ya kuhesabu pointi naiona ndiyo ugonjwa mkubwa wa mtindo huu. Inafundisha kuchapa haraka kwa mkono usio na uzito, na inamfundisha anayechapwa kukaza, na akishakaza hasikii.

Bado siikubali hoja ya kwamba zoezi lenyewe ni bure. Kila pambano linalofika karibu huwa na mguso: mkono unaozuia, kushikana shingo, kusukumwa ukutani, mtu kukudaka kola kwenye kituo cha daladala. Hapo ndipo jicho halina nafasi na mkono uliofundishwa unajibu kwanza. Kinachohitajika ni kuunganisha vipande viwili. Mtu asimame mbali, aje kwa nguvu, mguso wa kwanza utokee kwa kishindo na siyo kwa makubaliano, na kuanzia hapo mkono ufanye kile ulichojifunza polepole.

Sisi tunapandisha ngazi hivi. Kwanza dan chi sao ya taratibu mpaka mabega yashuke yenyewe. Kisha mikono miwili bila kupiga, kazi ni kutafuta tu pale mwenzako alipokaza na kumwambia kwa mdomo: bega, kiwiko, kifundo. Sehemu hii ya kusema inasaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu anayeambiwa anajifunza mwili wake mwenyewe. Baadaye mmoja anapiga na mwingine hajibu kwa kupiga, anajibu kwa kupokea. Tunabadilishana wenzetu mara kwa mara, mrefu na mfupi, mzito na mwepesi, kwani ukizoea mkono mmoja unaujua huo tu. Mazoezi ya kugonganisha vigasha ili vikomae tunayaweka siku nyingine kabisa. Mkono unaouma na uliovimba hauko katika hali ya kusikiliza jambo dogo.

Kwa aliye peke yake, fomu ya kwanza, Siu Nim Tao, inatosha kwa muda mrefu. Isimamie mahali pamoja, ifanye taratibu kuliko unavyotaka, na fuatilia kiwiko kikija katikati: utasikia mahali bega linapojaribu kusaidia. Hapo simama, lishushe, endelea. Ukiwa na mtu nyumbani ambaye hafanyi kung fu, mpe fimbo nyepesi muiweke kati ya kifundo chako na chake, kila mmoja akiisukuma kiasi cha kuizuia isianguke, naye atembee anakotaka. Watoto ni wazuri sana kwa zoezi hilo. Hawana mpangilio, hawana huruma, na wanabadili mwelekeo bila kukuaga.

Mwezi huu tumeanza kile kipande kinachotupa shida zaidi, cha kuanzia mbali. Glavu nyepesi, hatua mbili kati yenu, mmoja anaruhusiwa kuja na chochote. Jumamosi tutaendelea, jua likishapungua. Anayetaka kujaribu aje na fulana ya mikono mirefu, akate kucha, na avue saa.